FIRE, L-BFGS au gradienti konjugati: ipi itulize atomi zako?

Kabla ya kupima chochote cha maana katika uigaji wa atomi, iwe nishati ya kasoro, ugumu wa fuwele au njia ya atomi kuhama, lazima mpangilio wa atomi utulizwe kwanza. Atomi husogezwa mpaka nishati ya mfumo ifike chini ya bonde na kani juu ya kila atomi ikaribie sifuri. Programu zote kubwa zina algoriti kadhaa za kazi hiyo, na zote zina chaguo-msingi ambalo wengi hawaligusi. LAMMPS, programu ya uigaji wa atomi, ikikupa gradienti konjugati, unaitumia. Mfano wa ASE, maktaba ya Python ya kazi hizi, ukionyesha BFGS, unaunakili. Mara nyingi hakuna ubaya. Ubaya huja mfumo unapokua au potensheli, yaani fomula ya nishati kati ya atomi, inapobadilika: kazi ya dakika chache inageuka ya siku nzima, au programu inasimama ikidai imemaliza ilhali haijamaliza.

Hapa nazilinganisha tano: mteremko mkali, gradienti konjugati, familia ya BFGS, FIRE, na L-BFGS yenye prikondishena, yaani matriki inayosawazisha kani kabla hazijatumiwa. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mifumo midogo ya DFT, ambako kani hukokotolewa kutokana na elektroni zenyewe, chukua BFGS. Kwa mifumo mikubwa yenye potensheli za kawaida anza na FIRE. Na kama mfumo ni mkubwa, mrefu, tena utautuliza mara nyingi, tafuta prikondishena, kwa sababu hiyo ndiyo inayoondoa chanzo cha uzito wa kazi. Nyingine zote hukusaidia kuubeba tu. Lakini zipo hali nyingi zinazoupindua ushauri huu, na hizo ndizo zinazostahili nafasi.

Ugumu unatoka wapi

Chukua mnyororo wa atomi 100 zilizounganishwa kwa springi zinazofanana, ncha zote mbili zimefungwa. Katika mtikisiko wake mfupi kabisa kila atomi inakwenda kinyume na jirani yake, springi zote zinabanwa au kuvutwa, na nishati inapanda haraka. Katika mtikisiko mrefu kabisa mnyororo wote unahamia upande mmoja, kila springi inavutika kidogo mno, na nishati karibu haibadiliki. Uwiano wa ugumu kati ya mitikisiko hiyo miwili ni kama 4,000. Mnyororo ukiwa na atomi 1,000, uwiano unafika 400,000 hivi, kwani hukua kwa mraba wa urefu.

Uwiano huo ndio unaokula muda wako. Hatua ikiwa ndefu, mitikisiko migumu inalipuka. Ikiwa fupi kiasi cha kuituliza, mitikisiko laini inajikokota. Kwa mteremko mkali, idadi ya hatua hukua sambamba na uwiano wenyewe. Katika hali mbaya, kupunguza nishati iliyobaki mara kumi kwenye mnyororo wa atomi 100 huchukua hatua zaidi ya 2,000, na kwenye ule wa atomi 1,000 zaidi ya 200,000. Gradienti konjugati hukua kwa kipeuo cha pili cha uwiano, kwa hiyo kazi hizo mbili zinataka hatua 40 hivi na 400 hivi. Tofauti hiyo haiwezi kufidiwa kwa kununua kompyuta kubwa zaidi.

Katika vipimo vitatu mambo ni nafuu, maana mchemraba wa atomi milioni moja una atomi 100 tu kila upande. Kinachohesabika ni upande mrefu kuliko zote. Bamba jembamba na refu, lile linalopendwa na watu wa nyufa na dislokesheni (kasoro za mstari ndani ya fuwele), hutulia kwa shida kuliko mchemraba wenye idadi ileile ya atomi. Mchanganyiko wa vifungo nao huleta tatizo hilohilo bila kujali ukubwa: molekuli yenye vifungo vya kovalenti vigumu, ikikaa juu ya uso kwa nguvu dhaifu za van der Waals, ina uwiano mkubwa hata ikiwa na atomi 50.

Mteremko mkali

Cauchy aliueleza mwaka 1847 na kanuni yake haina fumbo: sogea kule kani inakokuelekeza. Kwa kufikia chini kabisa ya bonde haufai, na hesabu ya hapo juu imeshaonyesha sababu. Unafaa mwanzoni tu, pale atomi mbili zimepandana na kani ni kubwa za kutisha. GROMACS, programu ya uigaji wa molekuli, hufanya hivyo kwa njia ya wazi: nishati ikishuka, urefu wa hatua unazidishwa kwa 1.2, ikipanda, hatua inakataliwa na urefu unazidishwa kwa 0.2. Hakuna historia inayohifadhiwa, kwa hiyo hakuna historia ya kuharibika. Hatua chache za namna hiyo zikishaondoa mipandano, badilisha mbinu.

Una sifa moja zaidi ambayo nitairudia mwishoni, inayohusu bonde unaloishia.

Gradienti konjugati na BFGS

Gradienti konjugati ya Hestenes na Stiefel ilitoka mwaka 1952 kwa ajili ya milinganyo ya mstari. Fletcher na Reeves waliipeleka kwenye matatizo yasiyo ya mstari mwaka 1964. Inakumbuka mwelekeo mmoja tu wa nyuma na kuuchanganya na kani ya sasa, ili hatua mpya isiharibu kazi ya ile iliyotangulia. LAMMPS hutumia toleo la Polak na Ribière.

Gharama yake imejificha kwenye msako wa mstari. Baada ya kupata mwelekeo, algoriti inatafuta urefu wa hatua, na kila jaribio ni ukokotoaji mwingine wa nishati na kani. VASP, programu ya DFT, ikiwa kwenye chaguo la IBRION=2 hupiga hatua ya majaribio, kisha hatua ya kusahihisha, kwa hiyo mwelekeo mmoja hula angalau mikokotoo miwili. Ndiyo maana kulinganisha algoriti kwa idadi ya hatua ni kujidanganya. Hesabu mikokotoo ya kani. Ukiona jedwali linalosema gradienti konjugati ilimaliza kwa hatua 80 na FIRE kwa 200, uliza kwanza hizo 80 zilikokotoa kani mara ngapi.

BFGS, iliyochapishwa na Broyden, Fletcher, Goldfarb na Shanno, kila mmoja kivyake, mwaka 1970, inajenga polepole picha ya ugumu wa mfumo mzima kutokana na mabadiliko ya kani. Kila hatua inaongeza ujuzi, na ukikaribia chini ya bonde inakimbia sana. Tatizo ni kwamba picha hiyo ni matriki yenye safu 3N na nguzo 3N. Kwa atomi 1,000 ni megabaiti 72. Kwa 10,000 ni gigabaiti 7.2, na hapo programu inayotafuta thamani-eigeni (ugumu wa kila mtikisiko) za matriki nzima kila hatua inakuwa imeshakukwamisha. Kwa atomi milioni moja ni terabaiti 72, kwa hiyo tuyaache.

L-BFGS, ambayo Nocedal aliitoa mwaka 1980, inatupa matriki na kubakiza kumbukumbu ya hatua chache za mwisho. Ukihifadhi hatua 10 kwa atomi milioni moja, unahitaji kama megabaiti 480. Kwenye bonde laini lenye nishati safi, sijaona sababu ya kuchagua gradienti konjugati mbele ya L-BFGS isipokuwa pale programu inapokosa hiyo ya pili: L-BFGS kwa kawaida hukubali hatua ya kwanza inayoipendekeza, bila msako mrefu.

Inahitaji uangalizi sehemu moja. Mfumo ukipita mahali ambapo nishati imepinda kuelekea chini badala ya juu, tuseme dislokesheni iko karibu kuzaliwa, taarifa mpya ya ugumu inakuja na alama hasi na picha nzima inaharibika. Masharti ya Wolfe, yanayokagua kushuka kwa nishati na kwa mteremko kwenye msako wa mstari, huzuia hilo. Toleo lisilo na msako halina kinga hiyo, hutegemea tu kikomo cha urefu wa hatua, ambacho kwenye ASE ni angstromu 0.2 kwa chaguo-msingi. BFGS kamili ya ASE ina ujanja wake: inachukua thamani-eigeni zote kwa ukubwa bila alama, ili mwelekeo usigeuke kupanda mlima. Ni ujanja wa fundi kuliko wa mwanahisabati, na unafanya kazi.

FIRE

FIRE ilichapishwa mwaka 2006 na Bitzek, Koskinen, Gähler, Moseler na Gumbsch, na ndiyo iliyowafanya watu wengi wa metali kuachana na gradienti konjugati. Haina msako wa mstari wala picha ya ugumu. Ni mwendo wa atomi wa kawaida, wenye kasi na muda, uliotiwa breki.

Itazame kwa karibu, maana sheria zake zinaenea kwenye aya moja. Kila hatua inakokotoa P, yaani zao la nukta la kani na kasi kwa atomi zote pamoja. P ikiwa chanya, mfumo unashuka: kasi inaelekezwa kidogo upande wa kani, na kama imekuwa chanya kwa zaidi ya hatua 5 mfululizo, hatua ya muda inazidishwa kwa 1.1 hadi kikomo fulani, na kiasi cha kuelekeza kinapunguzwa kwa kuzidishwa na 0.99. P ikigeuka hasi, mfumo umeanza kupanda: kasi zote zinafutwa, hatua ya muda inakatwa nusu, na kila kitu kinaanza upya. Basi. Kila hatua ni ukokotoaji mmoja wa kani, pamoja na mazao ya nukta matatu ambayo hata kompyuta yenye maelfu ya vichakato haiyahisi.

Mwaka 2020 Guénolé na wenzake, Bitzek akiwemo, walitoa FIRE 2.0 na kuiingiza kwenye LAMMPS. Mabadiliko yake ni madogo kwenye karatasi. P ikiwa hasi, atomi zinarudishwa nyuma nusu hatua ili zisiendelee kukaa mahali zilipokwishapitiliza. Kuna subira ya hatua 20, badala ya 5, kabla ya kuongeza muda. Na kiunganishi cha mwendo, yaani kanuni ya kusogeza atomi kila hatua ya muda, kimebadilishwa: Euler wa wazi aliyekuwa akitumika kwenye LAMMPS alikuwa anaiumiza algoriti, akawekwa Euler nusu-fiche. Somo hili la mwisho limepuuzwa mno. Watu walikuwa wakilaumu FIRE kwa kosa la kiunganishi, na kama unatumia toleo la zamani la programu, au umeiandika mwenyewe kwa mistari ishirini ya Python, angalia hapo kwanza.

Uzito wa atomi ni jambo jingine la kuangalia. Chini ya bonde hakutegemei uzito, kwa hiyo uzito ni kigezo chako huru. FIRE ya ASE inazichukulia atomi zote kuwa na uzito sawa. Ile ya LAMMPS hutumia uzito halisi, na mfumo wenye hidrojeni ndani ya tangsteni utalazimisha hatua ya muda ifuate hidrojeni, huku tangsteni ikisogea kwa uvivu. Kuzipa atomi uzito bandia wakati wa kutuliza ni halali kabisa, mradi urudishe uzito wa kweli kabla ya uigaji wa joto.

Quickmin ni mbinu ya jamii yake, rahisi zaidi. Sina la kusema juu yake ila kwamba FIRE ikiwepo, itumie FIRE.

Nishati isipoaminika

Sehemu hii ndiyo inayoamua kesi nyingi kwa vitendo, ingawa majedwali ya ulinganisho huiruka. Gradienti konjugati na BFGS yenye msako hutegemea nishati kujua kama hatua ni nzuri. FIRE haiiangalii nishati hata mara moja.

Chukua kipande cha shaba chenye atomi milioni moja na nafasi tupu moja katikati. Nishati ya kushikamana ya shaba ni kama elektronivolti 3.5 kwa atomi, hivyo jumla ni milioni 3.5. Namba za biti 64 hubeba tarakimu 15 hadi 16, na saba zimeshaliwa kabla ya nukta. Kwa hali nzuri kabisa unaona mabadiliko ya sehemu moja kwa bilioni ya elektronivolti, na kwa kujumlisha namba milioni, hali haiwi nzuri kabisa. Sasa atomi ishirini zinazozunguka nafasi tupu zina kani ya 0.00001, ugumu wa kila moja ukiwa kama 5 kwa vizio vya elektronivolti na angstromu. Nishati iliyobaki kushushwa ni ndogo kuliko kile namba zako zinaweza kuonyesha. Kani yenyewe bado ina tarakimu nyingi safi, kwa sababu hukokotolewa atomi kwa atomi na hailiwi na ile jumla kubwa.

Hapo LAMMPS huandika kwamba alfa ya msako, yaani urefu wa hatua, ni sifuri na kusimama. Ujumbe huo hausemi kwamba umefika. Unasema msako umekuwa kipofu. Ukitaka kubaki na gradienti konjugati, badilisha msako uwe ule wa `forcezero`, unaotafuta mahali kani kwenye mstari inapokuwa sifuri. Au hamia FIRE.

Kuna sehemu nyingine nishati inapodanganya. Potensheli iliyokatwa ghafla kwenye umbali fulani huruka kidogo kila jirani anapoingia au kutoka. Baadhi ya modeli za kujifunza kwa mashine hutabiri kani moja kwa moja, kwa hiyo kani hizo si mteremko wa nishati yoyote, na msako wa mstari unaulizwa swali lisilo na jibu. Katika mbinu ya NEB ya kutafuta njia kati ya mabonde mawili, kani zimechujwa makusudi na hakuna nishati inayolingana nazo. Kote huko tumia FIRE, au L-BFGS isiyo na msako.

DFT hugeuza mambo

Katika DFT ukokotoaji mmoja wa kani unaweza kuchukua dakika au saa, na atomi ni mia moja au mbili. Matriki ya 300 kwa 300 haina gharama yoyote mbele ya hapo. Kila ukokotoaji unaookolewa ni faida, kwa hiyo algoriti inayojifunza ugumu wa mfumo inalipa. BFGS inashinda, na inashinda zaidi ikianza na makadirio mazuri. ASE huanza kwa kudhani kila mwelekeo una ugumu uleule, 70 kwa vizio vile vya awali, ambao ni mkubwa kwa makusudi ili hatua za mwanzo zisiwe za pupa. Modeli ya Lindh ya mwaka 1995 inakadiria ugumu kutokana na umbali na pembe za vifungo, na kwa molekuli huokoa hatua nyingi. GPMin, inayotumia mchakato wa Gauss kuchora uso wa nishati kutokana na mikokotoo iliyokwisha kufanyika, inafaa zaidi pale mikokotoo ni michache na ya ghali. Mfumo ukikua, matriki yake yenyewe inakuwa mzigo.

Kwenye VASP, IBRION=1 ni ya karibu na chini ya bonde na inataka kani sahihi, kwa hiyo usibane pesa kwenye mizunguko ya elektroni. Ukiwa mbali, IBRION=2 ni salama zaidi.

Ila niongeze neno kwa kuitetea FIRE. Katika DFT gharama ya hatua si moja. Atomi zikisogea kidogo, msongamano wa elektroni wa hatua iliyopita unakaribia kuwa sahihi na mizunguko ni michache. Hatua kubwa za BFGS hulipia mizunguko zaidi. Kulinganisha kwa mikokotoo ya kani kunaipunja FIRE kidogo hapa. Saa ya ukutani ndiyo kipimo cha haki. Hata hivyo, kwa mifumo midogo sijaona tofauti hiyo ikitosha kubadilisha mshindi.

Kwa kutazama haraka:

| Mbinu | Nishati inahitajika? | Kumbukumbu | Itumie | Iepuke |
|---|---|---|---|---|
| Mteremko mkali | Ndiyo, kwa kukataa hatua | Ndogo | Kuondoa mipandano | Kumalizia |
| Gradienti konjugati | Ndiyo | Ndogo | Pasipo na L-BFGS. Nishati safi | NEB, kani ndogo mno |
| BFGS kamili | Si lazima | Mraba wa atomi | DFT, atomi mamia | Zaidi ya elfu chache |
| L-BFGS | Si lazima | Wastani | Bonde laini, ukubwa wowote | Karibu na kuporomoka |
| FIRE | Hapana | Ndogo | Mifumo mikubwa, mipasuko, NEB | DFT ndogo |
| L-BFGS na prikondishena | Si lazima | Wastani | Mifumo mirefu, mikubwa | Molekuli, bila marekebisho |

Prikondishena

Mbinu zote zilizotangulia hupambana na uwiano ule wa ugumu. Prikondishena inaubadilisha. Wazo ni kutengeneza matriki rahisi inayofanana na ugumu halisi wa mfumo, kisha kila kani ipitishwe humo kabla ya kutumiwa. Kani inayosukuma mtikisiko mrefu na laini inakuzwa, ile ya mtikisiko mfupi na mgumu inapunguzwa, na baada ya hapo mitikisiko yote inaonekana kuwa na ugumu unaokaribiana.

Packwood, Kermode, Csányi, Ortner na wenzao walionyesha mwaka 2016 kwamba matriki hiyo haihitaji kujua chochote kuhusu potensheli. Unachukua kila jozi ya atomi zilizo jirani na kuipa thamani inayopungua kwa kasi ya eksponenti kadiri umbali unavyozidi ule wa jirani wa karibu. Safu inajazwa ili jumla yake iwe sifuri. Ni kama kuchukulia fuwele nzima kuwa nyavu ya springi, bila kujali ni shaba au silikoni. Inashangaza kwamba hiyo inatosha, lakini ukirudi kwenye mnyororo wetu sababu inaonekana: kilichokuwa kinatutesa ni jiometri ya nani ameungana na nani, na hiyo ndiyo kitu ambacho matriki inaijua.

Matokeo yake ni kwamba idadi ya hatua karibu haikui mfumo unapokua. Malipo ni kutatua mfumo wa milinganyo kila hatua, lakini matriki ina sifuri nyingi na mbinu za gridi nyingi huimaliza kwa muda unaokua sambamba na idadi ya atomi. Kwa potensheli nyepesi sana, gharama hiyo inaweza kula sehemu ya faida. Kwa modeli za kujifunza kwa mashine na DFT kubwa, haionekani. Kwenye ASE chaguo la otomatiki huiwasha mfumo unapofika atomi mia moja hivi, na chini ya hapo hupoteza muda tu.

Molekuli ndizo zinazoitoa jasho, kwa sababu umbali pekee hauelezi kuwa kujipinda kwa kifungo ni laini kuliko kurefuka kwake. Kwa hizo kuna prikondishena zinazojengwa kutokana na vifungo na pembe. Na kama kazi yako ni kuvuta bamba lenye ufa kidogo kidogo, ukilituliza upya kila mara, jenga matriki mara moja na uitumie kwa hatua nyingi za mvuto mpaka majirani wabadilike.

Ikiwa mtu angeniuliza juhudi za kuboresha ziende wapi, ningeziweka hapa kabla ya kuongeza kigezo kingine kwenye FIRE.

Kisanduku kinapotulizwa pamoja na atomi

Ukiruhusu ukubwa na umbo la kisanduku cha uigaji vibadilike, unachanganya angstromu za atomi na mkazo wa kisanduku kwenye orodha moja, na vitu hivyo havina kizio kimoja. Uzani mbaya kati yao huleta tena uwiano mkubwa wa ugumu. Kwenye LAMMPS, FIRE haifanyi kazi na amri ya kutuliza kisanduku, `fix box/relax`. Inabidi gradienti konjugati, na kama kisanduku kinabadilika sana, uanze upya mara kadhaa, kwa kuwa marejeo ya umbo hubaki yale ya mwanzo. Kwenye ASE kichujio cha seli, kinachoweka kisanduku na atomi kwenye orodha moja, hufanya kazi na mbinu yoyote.

Lini useme imetulia

Hapa ndipo ulinganisho mwingi huharibika bila mtu kujua. ASE hupima kani ya atomi moja iliyo kubwa kuliko zote. LAMMPS kwa kawaida hupima urefu wa vekta nzima ya kani. Atomi milioni moja, kila moja ikiwa na kani ya 0.001, zina vekta yenye urefu wa 1. Namba ileile kwenye programu hizo mbili ni masharti mawili yasiyofanana kabisa. Kwenye LAMMPS, `min_modify norm max` au `inf` huyafanya yakaribiane.

Kigezo cha nishati ni kibaya zaidi kwa mifumo mikubwa. Ukiweka kikomo cha uwiano cha 1 kwa milioni 100 kwenye kipande kile cha shaba, LAMMPS itasimama nishati inaposhuka kwa chini ya elektronivolti 0.035 kwa hatua moja. Kasoro moja inaweza kuwa katikati ya kujipanga upya wakati huo. Kwa FIRE kigezo hicho kinaweza kuleta hatari ya ziada, kwa kuwa kila kasi zinapofutwa atomi karibu hazisogei na nishati inaonekana imetulia. Kiweke sifuri na utegemee kani.

Kuna pia mtego wa ulinganifu. Mpangilio wenye ulinganifu kamili unaweza kuwa juu ya tandiko la nishati (kilele kwa upande mmoja, bonde kwa mwingine) na kani zake zikawa sifuri tupu. Algoriti yoyote kati ya hizi itasema kazi imekwisha kwenye hatua ya kwanza. Sogeza atomi bila mpangilio kwa angstromu 0.01 hivi kabla ya kuanza.

Bonde lipi?

Mbinu mbili zikifika chini, zinaweza kuwa zimefika chini ya mabonde tofauti. Kwa fuwele nzuri yenye kasoro moja ni nadra. Kwa kioo, kimiminika kilichogandishwa ghafla, au mpaka wa chembe, hutokea kila siku. Asenjo, Stevenson, Wales na Frenkel walichora mwaka 2013 ramani za bonde ambalo kila algoriti hufikia kutoka kila mahali pa kuanzia, na ramani hazifanani: mteremko mkali wenye hatua fupi hufuata njia halisi ya maji yanayotelemka, ilhali L-BFGS na FIRE hurukia mabonde ya jirani. Kama swali lako ni bonde gani mpangilio huu wa kimiminika ni mali yake, mbinu yenye kasi inakupa jibu la swali jingine, na unarudi kwenye mteremko mkali pamoja na polepole yake yote.

Kama unachotaka ni mpangilio uliotulia tu, endesha mbinu mbili kutoka mwanzo uleule na ulinganishe nishati za mwisho. Zikitofautiana kwa zaidi ya kile ambacho kiwango cha kani ulichoweka kinaruhusu, toa orodha ya atomi zilizotofautiana kwa zaidi ya angstromu 0.1. Mara nyingi ni kundi dogo mahali pamoja, na ukilitazama utajua kama ni kasoro uliyoitafuta au atomi moja iliyokwama upande usio wake.